Programu ya kompyuta: umeuziwa au umekodishiwa?

Ndugu Waislamu, leo tuutazame muamala ambao umeingia madukani na majumbani mwetu, na ambao wengi hatujaupima kwa mizani ya sheria.

Kijana mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, jirani na Hospitali ya Mkomaindo hapa Masasi, alinijia akiwa na fundo moyoni. Kwa miaka mingi alinunua programu za kampuni moja, na kila lilipotoka toleo jipya alilipa. Sasa ameambiwa haiuzwi tena: alipe kila mwezi, na akikosa, inafungwa. Akauliza: "Sheikh, ikiwa mteja wa siku zote hutendewa hivi, nikinakili ya jirani nina kosa gani?"

Hayuko peke yake. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ya Marekani ilitangaza kuwa matoleo mapya ya programu zake kuu za picha na uchapaji yatapatikana kwa malipo ya vipindi. Microsoft nayo ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows XP Aprili 8, 2014, na kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, ilhali kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mkulima wa Masasi na Newala huzishika fedha msimu wa korosho. Deni la kila mwezi halingoji msimu.

Wanazuoni hutenganisha bai, yaani kuuza, na ijara, yaani kukodisha. Aliyenunua jembe atalilimia hadi liishe. Aliyepanga nyumba hulipa kwa muda. Yote mawili ni halali, madhali bei na muda vinajulikana na pande zote zimeridhia. Basi malipo ya mwezi hayawi haramu kwa kuwa tu yanauma, wala mhunzi halazimiki kulinoa milele jembe alilokwisha kuliuza. Dhulma huanza pale muuzaji anaposema "nunua" ilhali anakodisha, au anapoificha siku ya kukoma huduma. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa baraka ya biashara imo katika kusema kweli na kubainisha aibu ya bidhaa, na kuficha huifuta.

Ama kunakili, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inazilinda programu za kompyuta. Dhulma haiondolewi kwa wizi.

Hata hivyo, mlango wa halali u wazi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Leo LibreOffice hupatikana bila malipo, kwa ruhusa ya wenyewe. Kijana wetu ameanza kuitumia. Baadhi ya kurasa zake za zamani zilivurugika, akazipanga upya usiku kucha. Lakini anasema riziki yake sasa haina shaka.

Wazazi nao, kabla ya kulipia programu za simu za watoto, waulize: tunauziwa au tunakodishiwa, na hadi lini? Uaminifu wa mteja ni tabia njema, lakini si kifungo. Muuzaji akibadili masharti, muda wa mkataba ukiisha una haki ya kuondoka kwa wema.

Wallahu a'lam.