Kivinjari cha Maandishi: Kipimo cha Ukurasa wa Afya

Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, ilianza kutengenezwa programu iitwayo Lynx. Hiki ni kivinjari cha maandishi: hakionyeshi picha wala video ndani ya ukurasa, bali huleta maneno na viungo pekee, na msomaji husogea kutoka kiungo hadi kiungo kwa vitufe vya mishale. Hadi leo kingali kinatumika.

Manufaa yake ya kwanza ni wepesi. Kwa kuwa hakipakui picha za ukurasa, hutumia data kidogo, na huweza kufanya kazi katika kompyuta kuukuu na mahali penye mtandao dhaifu.

Manufaa ya pili yanatuhusu zaidi sisi wahudumu wa afya. Msomaji asiyeona husomewa ukurasa kwa sauti na programu maalumu, au huupapasa kwa nukta nundu. Vyote viwili hutegemea maandishi. Tuseme jedwali la dozi ya dawa ya mtoto limewekwa kama picha isiyo na maelezo. Mwenye kuona atalisoma, lakini katika Lynx litabaki jina la faili tu. Mama asiyeona naye huenda asipate zaidi ya hilo.

Basi, kabla ya kutangaza ukurasa wowote wa afya, tuufungue kwanza katika kivinjari cha maandishi. Agizo lisilosomeka humo liandikwe upya kwa maneno, kwani mzazi hawezi kufuata agizo lisilomfikia.