NENO "KATA" LINA MAANA NYINGI

Leo tunaongea juu ya neno moja dogo: kata. Kila mtu analijua. Mtoto anakata majani ya mbuzi, mama anakata nyama, baba anakata kuni za kukaushia tumbaku. Lakini katika karatasi zinazotufikia hapa Chunya, mara nyingi neno hilo halihusu panga wala kisu. Tusipoangalia, litatutia hasara. Hebu tulitazame pamoja.

Kwanza, kukata leseni. Wilaya yetu ina dhahabu, na huko Lupa watu wanachimba tangu miaka ya 1920. Mchimbaji mdogo akiambiwa "kakate leseni", maana yake aende akaombe, alipe, apewe. Leseni hiyo hupewa raia wa Tanzania. Hudumu miaka 7, kisha huombwa upya. Vivyo hivyo tunakata tikiti ya basi la Mbeya. Zamani tikiti ilichanwa kutoka kitabuni, kishina kikabaki kwa kondakta. Siku hizi nyingine hutoka kwenye mashine, lakini bado tunasema tumekata.

Pili, kukatwa. Mkulima wa tumbaku huchukua mbolea kwa mkopo kupitia chama cha msingi. Akiuza, deni linatolewa kwanza. Hapo tunasema amekatwa, na fedha zilizotolewa zinaitwa makato. Tuseme tumbaku yako imeuzwa shilingi 2,000,000, na makato ni shilingi 800,000. Basi mkononi utapata shilingi 1,200,000. Uliza kila fungu la makato ni la nini. Linganisha na karatasi uliyotia sahihi siku ya kuchukua mbolea.

Tatu, kukata rufaa. Hapa mtu anaweza kupotea kabisa. Ukikata kamba, umeimaliza. Lakini ukikata rufaa hujaimaliza, ndiyo kwanza umeianza! Maana yake ni kuomba mahakama ya juu iitazame kesi yako tena. Ukishindwa katika Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Anayedhani maneno hayo yanasema "kesi imekwisha, nenda nyumbani", atakaa mpaka siku zipite. Ng'ombe wake ndio wamekwenda.

Nne, yapo maneno ya kila siku. Aliyekata kiu amekunywa maji. Aliyekata shauri ameamua. Aliyekata tamaa hana tumaini tena. Aliyekata roho amefariki.

Tena kuna kata ambayo siyo kitendo. Ofisi ya Kata ni ya serikali. Na kata ya majani au nguo huwekwa kichwani, juu yake ndoo ya maji.

Sasa tutatambuaje? Tazama jirani yake. Neno linalofuata ndilo linalotoa maana: leseni, rufaa, shauri. Tazama na mwisho wake pia. Anayekata ndiye anayetenda. Anayekatwa fedha ndiye anayepungukiwa.

Basi ndugu, ukiona neno hili katika karatasi, usitie sahihi haraka. Soma sentensi nzima mpaka nukta. Kama maana haijakaa sawa, muulize karani akueleze, au msome pamoja na jirani. Kuuliza siyo ujinga. Tulijifunza kusoma ili tujue tunachokubali.