Fahamu: Jinsi ya kuendesha programu ya wavuti kwenye kompyuta yako

Programu ya wavuti ina pande mbili: seva, inayotunza data na kujibu maombi, na kivinjari cha mtumiaji, kinachoyatuma. Zote zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja.

Ukitumia Django, mfumo wa Python uliotolewa mwaka 2005, usakinishe kwanza na kuanzisha mradi. Andaa hifadhidata kwa amri python manage.py migrate, kisha washa seva kwa python manage.py runserver.

Sasa fungua 127.0.0.1:8000 kwenye kivinjari. Anwani hiyo ni ya kompyuta yako yenyewe, na 8000 ni namba ya poti. Ukiambiwa poti inatumika, ongeza 8001 mwishoni mwa amri ya runserver.

Seva hii ni ya majaribio tu. Usiitumie kuhudumia umma.