Moshi wa Sigara na Magoti Yetu

Watoto, mmekwisha kula mguu wa kuku? Tazameni mwisho wa mfupa, pale unapokutana na mfupa mwingine. Mtaona kitu cheupe, kigumu kidogo, chenye kuteleza. Jina lake ni gegedu. Katika goti la mtu pia limo gegedu.

Kazi yake. Gegedu hufunika ncha za mifupa ili mfupa usisage mfupa. Unene wake ni milimeta chache tu. Lakini mama akitoka mtoni na maji kichwani, gegedu la magoti yake hubeba uzito wa mwili pamoja na uzito wa maji.

Chakula chake. Nyama na ngozi hulishwa na damu. Gegedu halina mishipa ya damu. Huishi kwa ute ulio ndani ya goti. Tukikanyaga, ute hukamuliwa kutoka katika gegedu. Tukiinua mguu, gegedu huunywa tena. Na ute huo hutoka katika damu ya ngozi nyembamba inayozunguka kiungo. Kwa sababu halina damu yake, gegedu likiharibika haliponi vema kama kidonda cha mkono.

Moshi hufanya nini? Katika moshi wa sigara imo hewa ya sumu, ile ile inayoua watu waliolala chumbani na mbabula ya makaa, milango imefungwa. Hewa hiyo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Tena imo nikotini, inayokaza mishipa ya damu. Waganga hufikiri kwamba kwa njia hizo gegedu hukosa chakula cha kutosha.

Mambo yaliyoonekana. Mwaka 2007, waganga wa Marekani walitoa habari za wanaume 159 waliokuwa na ugonjwa wa magoti. Walikuwa wamepiga picha za magoti yao kwa muda wa miezi 30. Wale waliovuta sigara walipoteza gegedu zaidi kuliko wenzao, na maumivu yao yalikuwa makali zaidi. Tena, mvutaji akipasuliwa goti, mara nyingi hukawia kupona.

Wengine hubisha wakisema: «Wavutaji hawaugui magoti sana.» Hawasemi uongo mtupu. Huko Framingham, Marekani, hesabu iliyotolewa mwaka 1989 ilionyesha hivyo, na nyingine baada yake. Lakini angalieni: wavutaji wengi ni wembamba, na mwili mwepesi haulemei magoti. Tena wengi hufa kabla ya uzee, nao ugonjwa huu ni wa wazee hasa. Je, mtu aliyekufa kwa kansa ya mapafu atajisifu kwamba magoti yake yalikuwa mazima?

Basi, kijana, mwenzako akikupa sigara ya kwanza, ikatae. Kuikataa siku ile ni rahisi kuliko kuiacha baada ya miaka kumi. Na ukimwona baba au mjomba anavuta, usimdharau. Nikotini humfunga mtu kama kamba. Mwambie kwa heshima yale uliyoyasoma. Akiacha leo, mwili wake utapata faida, hata akiwa mzee.

Maulizo
1. Gegedu lina kazi gani katika goti?
2. Kwa nini gegedu haliponi vema?
3. Moshi wa sigara na hewa ya mbabula vinafanana kwa nini?
4. Mtu akisema sigara hulinda magoti, utamjibu nini?