Double Dragon II: ya nyumbani si ile ya mashine ya sarafu

Ndugu wasomaji, leo tupumzike siasa. Mdau mmoja wa hapahapa Songea kaniuliza: mbona Double Dragon II ya mashine ya sarafu, aliyoiona kwenye intaneti, haifanani na ile tuliyocheza kibandani Majengo? Anahisi tulichezeshwa feki.

Hapana ndugu yangu. Kaseti huenda ilikuwa ya kunakili, lakini gemu zenyewe ni mbili tofauti.

Ile ya mashine ilitolewa na Technos Japan mwaka 1988. Mashine ya sarafu kazi yake ni kula hela: unakufa haraka ili utumbukize nyingine. Mwenye kaseti ameshalipa, kwa hiyo lazima achezeshwe muda mrefu. Ndo maana toleo la Famicom, lililotoka Japani 1989 na Marekani 1990, lilijengwa upya. Hatua 4 zikawa 9. Tena wawili mnacheza pamoja, jambo ambalo Double Dragon ya kwanza ya Famicom haikuruhusu.

Na maadui je? Famicom inachora vipande 8 tu vya picha zinazotembea kwenye mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vingine vinapotea. Kwa hiyo wanakujia wawili wawili, si kundi.

Hata hadithi imebadilika. Marian anapigwa risasi mwanzoni. Kwenye mashine ndo basi tena. Nyumbani, ukimaliza ngazi ngumu kabisa, anafufuka.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Sisi tulichagua ngazi rahisi, gemu ikaisha baada ya hatua ya 3. Tukamwita mwenye kibanda mwizi, binamu yangu akadai arudishiwe hela, nusura wapigane. Kumbe gemu ndivyo ilivyotengenezwa!

Tulipohamia ngazi ngumu, tatizo likawa umeme. Kaseti ile haitunzi ulipofikia. Na Songea, kabla laini ya kutoka Makambako haijakamilika mwaka 2018, ilitegemea mashine za dizeli. Umeme ukikatika uko hatua ya 7, unaanza moja, na hela imekwenda. Marian sikuwahi kumuona akifufuka.

Mzee wa kibanda, kama unasoma hapa, shikamoo, na utusamehe. Hukutuibia.

Haya wadau, nani aliimaliza? Semeni ukweli!