Mwanao anabomoa mji mzima kwenye simu, wewe unajua?

Mama anayeuza dagaa Mwigobero, mjini Musoma, anarudi nyumbani saa 1 usiku. Simu aliyoiacha kwenye chaji ina moto kama pasi. Mwanawe wa darasa la tano amejikunja nyuma ya kochi, na kwenye kioo mtu mwenye nguvu za ajabu ananyanyua magari na kuyarusha kwa wapita njia. Daftari la hesabu halijafunguliwa.

Mama huyu ni mfano tu, lakini wazazi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama watajiona ndani yake. Wengine hunyang'anya simu, wengine hushika fimbo, na wengine hushukuru kimoyomoyo kwamba angalau mtoto hazururi mitaani.

Kabla ya kuchagua mojawapo, ni vizuri mzazi ajue mtoto anacheza nini.

Gemu zenyewe zikoje

Hizi ni gemu ambazo mchezaji halazimiki kufuata njia moja. Anapewa mji mzima azunguke atakavyo, na nguvu ambazo binadamu hana. Mfano ni Prototype, iliyotoka mwaka 2009. Mhusika wake, Alex Mercer, amebadilishwa na kirusi. Anakimbia juu ya kuta za maghorofa ya New York, mikono yake inageuka kuwa kucha na mapanga, na akimmeza mtu anachukua sura yake. Mchezaji anaweza kuua wapita njia wasio na hatia na gemu ikaendelea kama kawaida.

Mwaka huohuo ilitoka inFAMOUS, ambayo mhusika wake anatumia umeme kama silaha. Tofauti yake ni kwamba mchezaji huchagua kuwa mwema au mbaya, na watu wa mji humchukulia kulingana na matendo yake.

Hizo zilitengenezwa kwa mashine kubwa. Kwenye simu za kawaida zipo za bure za aina hiyohiyo, kama Rope Hero, ambazo mtoto hupakua kwa bando dogo tu.

Kwa nini wanazipenda

Mtoto wa miaka 11 hushinda akiamrishwa. Kaa chini, andika, kachote maji, salimia wageni. Ndani ya gemu hakuna anayemwamrisha, na kila anachogusa kinamtii. Kupenda hali hiyo si dalili ya ukorofi wala ya pepo. Ni hamu ya kawaida ya mtoto anayekua.

Je, atakuwa katili?

Hili ndilo linalowatisha wazazi wengi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya vijana 1,000 wenye miaka 14 na 15. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za mapigano na tabia ya ugomvi. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzilaumu gemu hizi kwa mauaji na uhalifu mkubwa. Hata hivyo, kilieleza kuwa zina uhusiano mdogo na tabia kama kufoka na kusukumana.

Kwa hiyo mtoto hatageuka muuaji kwa sababu ya gemu. Lakini hiyo haina maana kwamba kila gemu inamfaa kila mtoto. Prototype imewekewa alama ya miaka 18 Ulaya, na Marekani ina alama ya M, yaani kuanzia miaka 17. Mtoto wa darasa la tano hapaswi kuicheza.

Madhara yanapoanzia

Mara nyingi kinachoumia kwanza ni usingizi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Anayecheza hadi saa 6 usiku na kuamka saa 11 alfajiri kuwahi namba shuleni analala saa tano tu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeuingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu angalau miezi 12 na kuvuruga masomo, familia au urafiki. Mtoto aliyecheza sana wakati wa likizo bado hajafika huko.

Mchezo wa hadharani

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alijulikana kwa kupenda bao. Bao nalo ni mchezo wa kushambuliana: kete 64, mashimo 32, na kila mmoja anawinda kete za mwenzake. Lakini linachezwa watu wakiona, wakubwa wakiwa pembeni, na giza likiingia kila mtu anakwenda kwake. Gemu ya simu inachezwa peke yako, na haina jioni.

Mzazi afanye nini

Kaa naye dakika 20 acheze ukiona. Mwambie akueleze nani ni nani na anatafuta nini.

Angalia alama ya umri kabla gemu haijapakuliwa. Kwenye Play Store washa vidhibiti vya wazazi, na weka nywila ili asinunue kitu bila wewe kujua.

Gemu iishe saa moja kabla ya kulala, na simu ilale chumbani kwa mzazi.

Kama anakwenda kwenye kibanda cha gemu, nenda ukakione. Nani wanakaa pale? Wanafunzi wanaruhusiwa saa za masomo? Kuna mashine za kamari, ambazo kisheria haziruhusiwi kwa walio chini ya miaka 18? Ukiona tatizo, zungumza na mwenye kibanda, kisha mwenyekiti wa mtaa.

Muulize pia hela anapata wapi. Sarafu ya 200 ya andazi ikiishia kibandani, mtoto anashinda njaa.

Epuka fimbo. Itamfanya acheze kwa kujificha, na akikutana na jambo baya huko hatakuambia. Hali ikizidi, mwone afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Turudi Mwigobero. Mama anavua kanga iliyonuka dagaa, anakaa kwenye kochi na kuuliza, "Hawa watu wa barabarani wamekukosea nini?"

Mtoto anakitazama kioo, anamtazama mama. "Hawajanikosea kitu, mama."

"Haya, nionyeshe basi unavyocheza. Halafu tufungue daftari."