Chakula cha jioni juu ya ziwa: kinachowezekana Kazimia na kisichowezekana



Kila msimu wa defansi mambo ni yale yale. Mwanafunzi anatetea kazi yake, anamwagiwa pudri mpaka nywele zinakuwa nyeupe, halafu familia inamfanyia kolasio: sali ya kukodi, viti vya kukodi, sono ya kukodi, wali na kuku. Kesho yake anaanza kutembeza dosie ya kuomba kazi, na wengi wetu tunajua dosie hiyo inaweza kutembea miaka. Juzi mdogo wangu mmoja wa chuo akaniuliza: "Kaka, huko Misri watu wanakula juu ya boti mtoni, ngoma inapigwa, wanalipa dola. Sisi tuko na ziwa lote hili, tunashindwa nini?"

Swali zuri. Badala ya kumjibu kwa maneno mawili, nimeona niliandike hapa tulifikirie pamoja, maana wazo la namna hii ukilipokea bila hesabu linakula pesa ya mama yako, na ukilikataa bila hesabu labda umetupa riziki.

Kwanza, kitu chenyewe ni nini

Wageni wanapanda boti jioni, wanakula, wanaangalia ngoma au kusikiliza muziki, na baada ya saa mbili hivi wanarudi walipopandia. Hakuna anayesafiri kwenda popote. Cairo wanafanya hivyo juu ya mto Nile, na mchezaji wa tanura anazunguka na sketi yake ya rangi mpaka wewe unayetazama ndiye unapata kizunguzungu. Mombasa kuna Tamarind Dhow: jahazi la mbao, samaki anachomwa kwa makaa humo humo ndani, muziki unapigwa.

Angalieni jambo moja ambalo wengi hawalioni. Jahazi la Mombasa haliendi bahari kuu. Linabaki ndani ya mkono wa bahari wa Tudor, maji yaliyokingwa na nchi kavu pande zote. Na Cairo, boti nyingi za chakula zimefungwa ukingoni moja kwa moja, haziondoki kabisa. Kwa hiyo biashara hii inauza maji yaliyotulia, chakula na ngoma. Mwendo wa boti ni kitu kidogo sana ndani yake. Shikeni hilo, tutalirudia.

Ziwa letu si mto

Sisi hatuna mto wa kupitisha boti ya wageni. Tuna Tanganyika: urefu wa kilometa karibu 670, kina cha mita karibu 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Ukubwa wa namna hiyo unazaa mawimbi kama ya bahari. Miezi ya kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na kusukuma maji urefu wote wa ziwa. Miezi ya mvua, dhoruba inaweza kushuka kutoka milimani kabla hujamaliza sahani yako. Wazee wetu wavuvi hawahitaji kufundishwa hayo, lakini mgeni aliyevaa viatu vya kolasio anahitaji.

Halafu kuna jambo la jua. Picha nyingi za namna hii zinaonyesha jua linazama majini. Kazimia hiyo haipo! Sisi tuko upande wa magharibi wa ziwa, jua letu linazama nyuma ya milima. Wanaoliona linazama majini ni ndugu zetu wa Kigoma. Lakini Mungu hakutunyima: sisi tunapata mwezi. Siku ya mwezi mpevu, wakati jua linaingia, karibu saa kumi na mbili jioni, mwezi unatoka upande wa Tanzania, mwekundu, mkubwa, juu ya maji. Kigoma wao wanauona ukitoka nyuma ya vilima vyao. Hiyo ndiyo bidhaa yetu, na haina jenereta wala mafuta.

Mwezi na ndagala

Sasa hapa ndipo wazo linaanza kuwa na akili. Mnajua ndagala wanavuliwa namna gani: usiku wa giza, kwa taa. Taa inawaita, wanakusanyika chini yake, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwaka, taa inakosa nguvu, samaki wanatawanyika, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa kila mwezi wakisubiri giza lirudi. Siku hizo mitumbwi imelala mchangani na vijana wamekaa bure.

Kwa hiyo usiku mbaya kwa mvuvi ni usiku mzuri kwa mgeni. Vyombo vipo, watu wanaolijua ziwa wapo, na hakuna anayeibiwa kazi yake. Tena mitumbwi ya wavu wa kuinua mara nyingi ni miwili iliyounganishwa kwa miti. Umbo hilo ni pana, halipinduki kirahisi kama mtumbwi mmoja. Ukipanga mbao nzuri juu yake na kuweka ukingo wa kushika, una jukwaa.

Ila kuna mtego: mwezi ukiwaka, ndagala mbichi ni haba na bei inapanda. Lazima upange mapema: ndagala waliokaushwa wakati wa giza, au samaki wakubwa wa ndoano na wa nyavu za mchana. Tena nchi nne za ziwa hili, yaani sisi, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana juu ya kupumzisha ziwa. Tanzania ilifunga uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Anayetegemea samaki peke yake kwenye meza yake ajiandae kwa miezi ya namna hiyo. Sombe, lengalenga, kuku wa nyumbani na mawese ya Fizi havifungwi na mtu.

Siku zenyewe ni chache. Mwezi unachelewa kutoka karibu dakika hamsini kila siku baada ya mwezi mpevu. Siku ya tatu wageni wako watakaa gizani zaidi ya saa mbili wakiusubiri. Kwa hiyo una siku mbili au tatu kabla, siku yenyewe, na moja baada yake. Toa siku za upepo na mvua. Zinabaki labda jioni tatu kwa mwezi.

Usalama si karatasi ya kujaza

Hapa nitasema bila kuzunguka. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wameshaiona nchi kavu. Makumi ya watu walikufa. Aprili 2019, baada ya ajali nyingine kubwa kwenye ziwa Kivu, Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jile ya kuokoa. Na navigasio ya usiku imekatazwa na viongozi mara nyingi, kwa sababu zinazoeleweka: ajali, magendo, na watu wenye silaha.

Kwa hiyo boti ya kutembea usiku kutoka Kazimia, mimi siiungi mkono. Lakini kumbukeni Cairo: boti iliyofungwa nayo ni boti. Jukwaa letu linaweza kufungwa kwa kamba imara mahali penye maji ya kiunoni, karibu na ukingo, na daraja dogo la mbao la kupitia. Anayetaka kuzunguka kidogo ziwani azungushwe saa kumi alasiri na arudi kabla ya giza. Hata hivyo usianze kabla ya kuona watu watatu: komiseri lakustre, chefu wa sekta, na jeshi la majini. Waeleze mahali, saa na idadi. Taa za wageni zinazoonekana ziwani usiku bila taarifa, katika eneo letu, zinaweza kueleweka vibaya. Na siku ambayo hali ya usalama si nzuri, hakuna sherehe, hata kama wali umeshaiva.

Juu ya jukwaa: jile kwa kila mtu, hata pale maji yanapofika kiunoni. Idadi iandikwe na isiongezwe na binamu wa dakika ya mwisho. Watu wakae. Wakisimama wote na kukimbilia upande mmoja kupiga selfi, uzito unapanda juu na kuhamia pembeni, na chombo kinalala. Ndiyo maana wachezaji wa ngoma wakae ukingoni, mchangani, mbele ya macho ya wageni, na juu ya maji wabaki waimbaji na chombo kimoja au viwili vya muziki. Kwanza sauti juu ya maji matulivu inafika vizuri tu. Lutuku marufuku.

La mwisho kwa usalama, kipindupindu. Pwani yetu yote, Uvira, Baraka, Fizi mpaka Kalemie, inaujua ugonjwa huo. Maji ya ziwa yasioshe sahani, yasioshe mboga, yasinawishe mikono. Maji yaliyotiwa klori yaje na bidoni kutoka nchi kavu, chakula kiliwe cha moto, na choo kiwe nchi kavu, mbali na maji. Mgeni mmoja akiugua, biashara imekufa, na labda yeye pia.

Ngoma gani, na nani analipwa

Msiingie hapa kwa pupa. Sisi Wabembe, pamoja na majirani zetu, tuna vitu vya aina mbili. Kuna ngoma za watu wote: za harusi, za mavuno, nyimbo za wavuvi wakivuta wavu. Halafu kuna mambo ya Bwami, ya Elanda, ya Alunga, na ya jando, ambayo yana wenyewe, yana ngazi, na yana mambo ambayo asiyeingizwa haoni. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliipiga Bwami marufuku, na vinyago vingi vya huku viko leo kwenye makumbusho ya Ulaya. Kama wazee walilinda kilichobaki miaka yote hiyo, mimi na wewe wenye diploma hatuna haki ya kukipeleka mbele ya sahani za kuku. Njia ni moja: kaeni na wazee, mwaulize kipi kinachezwa wazi, na wakisema hapana, ni hapana.

Na malipo. Burundi ngoma zao za kifalme ziliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Mwaka 2017 likatoka agizo la rais: kikundi lazima kipate ruhusa ya wizara, kila sherehe ilipiwe faranga 500,000 kwenye mfuko wa serikali, na wanawake wasipige ngoma. Sikiliza vizuri: pesa inakwenda serikalini, anayetoka jasho anategemea huruma. Sisi tufanye kinyume. Mpiga ngoma alipwe jioni ile ile, kiasi kilichokubaliwa mbele ya mashahidi, si "soda na tutaonana". Mama anayejua nyimbo hamsini kichwani ni mtaalamu kuliko mimi mwenye lisansi. Alipwe kama mtaalamu.

Hesabu

Hizi ni namba za mfano, kila mmoja aweke bei za kwake. Tuseme wageni 20, kila mmoja dola 8: zinaingia 160. Kukodi mitumbwi na mbao 40. Chakula dola 3 kwa mtu, ni 60. Waimbaji na wachezaji sita, dola 5 kila mmoja, 30. Walinzi wawili wanaojua kuogelea, jile, maji ya klori na taa, 40. Jumla 170. Umepata hasara ya dola 10 na usingizi hujalala.

Panda mpaka dola 10 kwa mtu: zinaingia 200, zinabaki 30. Mara tatu kwa mwezi, 90. Mkiwa marafiki watatu, kila mmoja dola 30 kwa mwezi, katika miezi ambayo hewa ni nzuri. Huo si mshahara. Lakini tazameni upande mwingine wa hesabu: mwenye mitumbwi amepata 120 katika siku ambazo angelala bure, wasanii wamepata 90, mama wapishi wameuza. Ukijumlisha kijiji kizima, jioni tatu zimezungusha dola 600.

Wageni watatoka wapi? Watalii hawapo, tusidanganyane. Wateja ni sisi wenyewe. Familia inayokodi sali kwa ajili ya kolasio tayari inatoa pesa hiyo. Kuna harusi, kuna wafanyakazi wa mashirika Baraka, kuna ndugu wanaorudi kutembea kutoka Nyarugusu, Kigoma au Marekani na wanataka watoto wao waone nyumbani pakoje.

Jibu langu

Basi, mdogo wangu, tunashindwa nini? Boti ya Cairo tunashindwa, na tusiitamani. Jukwaa lililofungwa ukingoni, jioni ya mwezi mpevu, sombe ya moto, nyimbo za mama zetu, watu ishirini wenye jile: hilo hatushindwi. Halitamwajiri kila mhitimu wa Fizi. Linaweza kulipa minerval ya mdogo mmoja, na kumpa mzee mmoja sababu ya kumfundisha kijana wimbo kabla hajaondoka nao.

Anayetaka kujaribu aanze na kolasio moja tu, ya mtu anayemfahamu, baada ya kuonana na komiseri na wazee. Aandike kila dola iliyoingia na iliyotoka, halafu atuletee hapa daftari lake tulisome pamoja.